Nyuso Sitini na Moja za Barabara ya Modogashe

Jambo lote liligharimu mifuko kumi na minne mitupu ya saruji, betri ishirini na mbili za tochi, mkebe mmoja wa rangi nyeusi, rimu moja ya baiskeli ambayo mwenyewe mpaka leo anaamini iliibwa na mtu wa Bura, na mbuzi mmoja jike. Mbuzi huyo alikuwa na mimba, kwa hiyo ukimhesabu kwa macho ni mmoja na ukimpapasa kwa mkono ni wawili. Tena yeye hakutoka kwangu, aliingia kwangu, na hapo ndipo hesabu yangu inapokataa kufungika. Nimeirudia mara mbili.

Wenzangu mliokulia Garissa miaka ile ya tisini mnaikumbuka saa nane mchana. Adhuhuri imeshaswaliwa, wali umeliwa, mji mzima umelala chali. Maduka yamefungwa mlango mmoja, wa pili umeachwa wazi kidogo ili mwenye duka asikie mteja bila kuamka. Mbuzi wamejibana ukutani kwenye kivuli chembamba kama uzi, na makorongo wa soko la nyama wamesimama juu ya miti bila kugeuza shingo, kama watu waliokuja kudai na hawana haraka. Harufu ni ya vibuyu vya maziwa ya ngamia vilivyofukizwa moshi, na vumbi. Watoto wa leo wanaogopa giza. Sisi tuliambiwa tuogope saa nane. Ayeeyo wangu, mama mzaa mama, alisema kila siku akitandika mkeka: "Saa hii barabara si yenu. Waacheni wenyewe wapite." Hatukuwahi kuuliza wenyewe ni akina nani. Tulikuwa na adabu, na pia tulikuwa na haraka ya kutoroka.

Tulikula mikate ya anjera kwa mafuta ya simsim na sukari, tukanywa shah, chai yetu yenye tangawizi, mpaka jasho likatutoka puani, tukacheza mpira wa soksi kuukuu, tukaandika aya kwenye mbao za duksi, chuo chetu cha Kurani, kwa wino wa makaa. Mwanangu nikimwambia haya ananiangalia kama ninayemuuzia kitu. Yeye ana simu yenye magari mia mbili ndani. Gari moja kwenye simu hiyo, lingekuwa la kweli, lingenunua soko lote la mifugo pamoja na madalali wake, mimi nikiwamo. Analigonga ukutani, anacheka, linarudi jipya. Bando likiisha analia kama aliyefiwa.

Sisi tulikuwa na gari moja tu, la bati, na halikuwahi kurudi jipya.

Ilianza hivi. Mtu mmoja wa bara alikuja na televisheni na mashine ya michezo ya video, akakodi chumba karibu na soko, akabandika pazia mlangoni. Ndani mlikuwa na mchezo mmoja, wa mbio za magari. Shilingi tano, dakika tano. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na tayari nilijua bei ya kwanza si bei. Nikapatana naye bei mpaka akakubali shilingi tatu nisicheze, nisimame tu nyuma ya anayecheza na kumwambia kona inakuja. Nilihesabu dakika zangu kwa moyo. Alikuwa ananipunja sekunde ishirini kila mara.

Hibo, binti ya mama yangu mdogo, hakuruhusiwa kuingia kwa sababu ni msichana. Alinizidi mwaka mmoja na akili ya miaka mitano. Alisimama nje dirishani, palipokuwa na ufa wa kutosha jicho moja. Baada ya wiki chache umeme ulikuja kwa nguvu kuliko kawaida, mashine ikatoa moshi, na mtu wa bara akafunga mizigo yake. Sisi wavulana tulizunguka mjini kama waliopotelewa na ngamia. Hibo ndiye aliyekuja kuniambia, taratibu, huku akitafuna kipande cha muwa:

"Lile gari lilikuwa halisogei, unajua?"

"Limekwenda mpaka mwisho. Nimeona mwenyewe."

"Umeona barabara inakwenda. Gari limekaa palepale. Barabara ndiyo iliyokuwa inavutwa chini." Akatema kapi la muwa. "Barabara tunaweza kutengeneza."

Hivyo ndivyo kampuni yetu ilivyozaliwa. Tuliiita Studio, na hatukujidai. Ilikuwa studio kweli.

Nyuma ya nyumba ya Ayeeyo kulikuwa na chumba alichokipangisha kwa mpiga picha. Huyo aliwapiga watu picha ndogo za kitambulisho, na siku za Idi picha kubwa za familia mbele ya pazia lililochorwa ndege na maua ya nchi ambayo haipo. Mwaka mmoja akasafiri, akasema anarudi baada ya mwezi, hakurudi. Siku ya kuondoka alimkabidhi Ayeeyo ufunguo na sanduku la bati lenye picha ambazo wenyewe hawajazichukua. Akamwambia: "Watakuja, mama. Wape picha zao." Nyuma ya kila picha alikuwa ameandika jina na siku ya kuja kuichukua. Wote aliwaandikia siku moja: Alhamisi.

Ayeeyo hakujua kusoma, lakini amana aliijua. Kila Alhamisi mchana alifungua mlango wa Studio, akaufagia, akaweka sanduku mezani, akasubiri wateja mpaka Alasiri. Miezi ikapita. Wa kwanza hakuja, wa pili hakuja. Magoti yalipomzidi alituweka sisi badala yake, kwa kuwa Alhamisi mchana duksi hakuna. Masharti yake yalikuwa mafupi: "Akija mtu, tazameni uso wake, tafuteni uso wake sandukuni, mpeni. Vingine msiguse. Hata vumbi lake ni amana."

Tuligusa vyote. Lile pazia la maua lilikuwa limeviringishwa kwenye miti miwili mviringo, mmoja juu na mmoja chini, kila mmoja na mkono wa chuma wa kuzungushia. Hibo aliushika mkono mmoja. Aliuzungusha, maua yakashuka, akanitazama. Nilikuwa nimeshaelewa.

Tulipasua mifuko ya saruji, tukaishona kwa sindano ya magunia ikawa ukanda mrefu wa karatasi, tukaufunga kwenye miti ile miwili. Hibo akachora barabara. Gari nililikata kutoka kopo la mafuta ya kupikia, likaning'inizwa mbele ya karatasi kwa waya, na waya ukaunganishwa na usukani wetu, ile rimu. Nyuma ya karatasi tuliweka balbu za tochi. Mchezaji anakaa kwenye kiti cha mpiga picha, mimi nazungusha mkono, barabara inateremka kwa mwanga wa rangi ya chai. Gari likitoka njiani au likigonga kilichochorwa, Hibo anapiga bati na mchezo umekwisha. Ada ilikuwa betri, au tende, au kitu kingine cha kuongeleka. Sikuwahi kukataa mteja, nilimchosha tu mpaka akubali bei.

Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa Barabara ya Bura. Wa pili ulikuwa Barabara ya Rhamu, na huo karatasi iliisha kabla hatujafika, kwa hiyo kuna watoto wa rika langu wanaoamini dunia inakatika ghafla kabla ya mashamba ya mto Daua. Wa tatu ulikuwa Barabara ya Modogashe, na ndio uliotupa jina.

Ulitupa jina kwa sababu ya namna Hibo alivyofanya kazi. Hakuwahi kupanda lori hata moja. Alichukua kila kitu kutoka kwenye war. Vijana wa sasa wanadhani war ni "niaje" na "poa". War ni habari kamili ya njia. Msafiri akifika anakaa, anapewa shah, halafu anaitoa tangu mwanzo: nimepita hapa, laga hii ina maji, ile imekauka, mvua ilinyesha upande huu, nilikutana na fulani na ngamia wake, mti fulani umeanguka. Msikilizaji hakatizi, anaitikia "haa" tu. Msemaji haongezi wala hapunguzi, kwa sababu watu watapeleka mifugo wao kwa maneno hayo, na ukipunguza kisima kimoja umeua zizi la mtu. Hibo alikaa na chai ya wageni, akasikiliza madereva wa Modogashe mmoja baada ya mwingine, akachora walichosema na si zaidi. Mashimo yalikuwa pale yalipo. Laga, ile mikondo ya mito ya msimu, zilikuwa na upana wake. Madereva walikuja kutucheka, wakakaa kitini, na kwenye laga ya kwanza nikawaona wanakanyaga breki kwenye sakafu tupu.

Abti Nuur, ndugu wa mama yangu, ndiye pekee aliyekuwa hajaja. Alikuwa dereva wa lori la sukari na mafuta, mtu mpana, mcheshi, anayejua jina la kila kisima. War yake ilikuwa ndefu na tamu kuliko zote, na nusu ya barabara ile tuliichora kwa mdomo wake. Lakini tukimwita Studio alisema ana kazi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Barabara ilikuwa nzuri lakini haikuwa na mtu. Mchezaji mmoja alilalamika kwamba ni kama watu wote wamehama. Mimi nikaliangalia sanduku la bati. Nikazihesabu zile picha: sitini na moja. Nikarudia: sitini na moja. Watu sitini na mmoja wamekaa bure, na barabara inahitaji watu.

Hibo alikataa. "Hawa hawamo kwenye war ya mtu yeyote. Hatuwezi kumweka mtu mahali ambapo hakuna aliyesema kwamba yupo."

"Ni picha tu."

"Basi weka yako."

Sikuwa na yangu. Nilimsumbua wiki mbili. Mwishoni nilimpa zamu ya kwanza ya usukani kila siku, jambo ambalo hakuna mvulana aliyewahi kumpa, na akakubali kwa sharti moja, kwamba nyuso zishikizwe kwa miiba, ili mwenyewe akija zitolewe salama. Nikasema haa. Miiba ilinichosha baada ya uso wa nne. Nikakoroga unga wa ngano na maji, nikabandika zote, huku na huku, popote mkono ulipofika, hata zile nne nikazirudia. Unga wa ngano ukikauka kwenye karatasi ya saruji haubanduki. Nililijua hilo nikiwa nabandika.

Kila mchezo ulipokwisha, ilibidi niirudishe karatasi yote juu, kutoka Modogashe mpaka Garissa, ili mwingine aanze. Kazi hiyo niliifanya peke yangu, wateja wakiwa wametoka nje kupunga upepo. Kuvunja uchovu nilihesabu nyuso. Kwenda, wakati mtu anacheza, nilihesabu sitini na moja. Kurudi, nikiwa peke yangu, nikahesabu sitini na mbili.

Nikadhani nimekosea. Nikaipeleka tena: sitini na moja. Nikairudisha: sitini na mbili. Saa nane mchana, mji umelala, mkono wa chuma unalia kidogo kila mzunguko, na zile nyuso zinapanda moja moja mbele ya balbu, zote zimekaza midomo kama mtu anavyokaza akiambiwa asicheke. Nilijaribu kumjua aliyezidi. Kila niliyemtazama alikuwa ni mmoja wa wale sitini na mmoja.

Nikamwita Hibo ahesabu yeye. Alihesabu kwenda, alihesabu kurudi. Halafu akasema, "Mmoja anarudi tu."

Watu husema mimi nahesabu mara mbili kwa sababu ya udalali. Udalali ulikuja baadaye sana.

Alhamisi iliyofuata Abti Nuur alikuja. Lori lake lilikuwa gereji na hakuwa tena na kisingizio. Alijikunyata kwenye kile kiti kidogo, akashika rimu kwa vidole viwili kwa mzaha. "Haya, injini," akaniambia, "washa." Nikazungusha. Aliendesha kama alivyoendesha kweli, mkono mmoja, huku anamtania Hibo kwamba amesahau kuchora askari wa kizuizi wanaoomba chai. Tulivuka laga ya kwanza, ya pili. Tulipoikaribia ile laga pana, ya mwisho kabla ya Modogashe, mzaha ukakatika.

"Simama."

Nikasimamisha. Kando ya laga nilikuwa nimebandika kijana mmoja wa kofia nyeupe, shati limefungwa vifungo mpaka kooni.

"Nani amewaambia huyu yuko hapa?"

Hibo alinitazama mimi. Nikasema hakuna, nimembandika tu.

"Hapa hasa?"

"Mkono uliishia hapo, abti."

Abti Nuur akashika rimu kwa mikono yote miwili. Jasho lilimtoka, lakini saa hiyo lilitutoka sote. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake: "Irudishe. Polepole." Nikazungusha kinyume. Uso wa yule kijana ukapanda, ukapungua kwa kivuli cha mti wa juu, ukaviringika, ukapotea. "Hivyo," akasema. "Kwenye kioo alikuwa hivyohivyo."

Akaniambia nimbandue. Nikasema hatabanduka, ni unga. Akasema basi nimkate na karatasi yake. Hapo ndugu zangu, badala ya kuogopa, nikaona kitu ambacho nakijua mpaka leo nikikiona sokoni: mnunuzi ambaye hawezi kuondoka. Nikafungua bei kwa mbuzi wawili.

Abti Nuur akageuka. "Wewe ni mtoto wa dada yangu au dalali?"

"Vyote viwili, abti."

"Mtoto ana miaka kumi, Hibo, unamsikia? Anamuuza mtu."

"Ni picha," nikasema. "Na itaharibu barabara."

Tuliishia mbuzi mmoja jike mwenye mimba. Hakubishana kama anavyobishana mtu anayetaka kushinda. Hibo alikata kwa wembe, mraba mdogo usiozidi kidole gumba, akampa abti bila kuniangalia. Nyuma, kwenye karatasi ya saruji, maandishi hayakuonekana, lakini sisi tuliyajua: jina lake, halafu Alhamisi. Palipokatwa pakabaki tundu, na mwanga wa balbu ukapita hapo ukatua kifuani mwa Abti Nuur.

Aliondoka siku ya tatu na lori tupu. Ayeeyo alishangaa, hakuna dereva anayekwenda Modogashe bila mzigo. Alikaa siku nne. Aliporudi alikaa kwenye mkeka, akapewa shah, hakuigusa, akatoa war. Tulikuwa mlangoni, mimi na Hibo. Hakutufukuza. Nadhani alitaka tusikie.

"Miaka mitatu iliyopita," alisema, "natoka Modogashe peke yangu. Njia ilikuwa mbaya wakati ule, lori lilikuwa limeporwa wiki iliyotangulia. Kwenye ile laga pana kijana alisimama ameinua mkono. Sikuona bunduki, sikuona mwenzake. Sikusimama. Jua lilikuwa utosini na kutoka pale hakuna maji. Kwenye kioo nilimwona bado ameinua mkono. Nilipofika hapa nikatoa war, huyo nikampunguza. Nimempunguza kila safari."

Ayeeyo akasema, "Haa."

"Sasa nimekwenda. Mbele ya laga, juu kidogo, kuna vibanda vitatu. Nikamkuta mama mmoja, nikamwonyesha picha. Akasema ni mwanangu. Alikuwa ameipiga hapa mjini, ya kitambulisho, akarudi nyumbani, na siku ile alikuwa anakuja kuichukua. Ilikuwa Alhamisi. Nikampa war yangu yote, mama, sikubakisha. Alinisikiliza kama unavyonisikiliza wewe. Nilipomaliza akaniambia, hapana, umesahau. Lori lilisimama. Sote hapa tulilisikia limesimama. Tukasikia mlango umefunguliwa, ukafungwa, likaondoka. Mwanangu yuko Garissa, au Nairobi, hajapata nafasi tu ya kuja." Abti Nuur akafuta uso. "Mama, sikusimama. Hata mwendo sikupunguza. Na siku ile hapakuwa na lori lingine. Nimeuliza."

Ayeeyo aliiondoa ile shah iliyoshika utando. Hakuuliza mwili, hakuuliza kama walitafuta. Watu wa vile vibanda walikuwa wametafuta mara abti alipowaambia, alitueleza mwenyewe baadaye. Hawakukuta hata kiatu. Alichosema ni hiki tu: "Mlango wanaousikia wao, wewe hujaufungua. Nenda kaufungue."

Tangu hapo Abti Nuur kila akitoka Modogashe alisimamisha lori kwenye ile laga. Anashuka, anazunguka, anaufungua mlango wa abiria, anasubiri kiasi cha mtu kupanda na kukaa vizuri, anaufunga, anaondoka. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilisafiri naye mara moja. Aliponifikia mlangoni akaniambia nisogee katikati. Nikasogea. Kutoka pale mpaka Garissa hakuna aliyeniegemea wala kunigusa, siwezi kusema uongo, lakini kiti kile kilikuwa cha watu watatu na mimi nilibanwa njia nzima.

Na nyuso? Nilizihesabu wiki ileile aliyoanza. Kwenda sitini. Kurudi sitini. Nikarudia. Sitini, sitini.

Studio yetu ilikufa baada ya hapo. Ayeeyo aligundua unga wa ngano, na adhabu yake ilikuwa kunisomesha majina: tulisoma kutoka daftari la mpiga picha, lililokuwa chini ya lile sanduku, yeye akasikiliza, na kila mtu tuliyemjua ukoo tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Wengine walicheka. Wengine walitushukuru kwa kuwakumbusha. Karatasi aliiviringisha, akaifunga kwa kamba, akasema amana iliyoharibika bado ni amana. Alinikabidhi mimi alipokuwa anafariki, si Hibo. Nadhani alijua nani anayedaiwa.

Enzi zile barabara zilikuwa mbovu na watu walisimama. Hiyo ndiyo tofauti yote ninayoiona, na nimeitazama pande mbili. Sasa lami inawekwa upande wa Modogashe. Gari ndogo zinapita pale kwenye laga kwa mwendo ambao hata ungeinua mikono yote miwili dereva angeiona kama nguzo. Vijana wanafika na habari yao ni "nimetumia saa mbili". Saa mbili, na hawajaona mtu. Abti Nuur ni mzee, macho yamemwacha, amekabidhi lori miaka miwili sasa. Dereva mpya nilimweleza habari ya mlango. Akasema haa, kama nilivyosema mimi kuhusu miiba.

Mwezi uliopita niliitoa ile karatasi nimwonyeshe mwanangu studio ya baba yake ilikuwaje. Niliifunga kwenye vipande viwili vya bomba, nikaweka taa nyuma. "Aabo, hii haina hata sauti," akasema, "haiwezi bamba." Alicheza mpaka Modogashe kwa heshima, akarudi kwenye simu yake. Mimi nikabaki kuirudisha. Ilikuwa saa nane mchana. Kwenda nilikuwa nimehesabu sitini. Kurudi nikahesabu sitini na moja. Sikuliangalia lile tundu.

Nilimpigia Hibo, ambaye siku hizi anachora ramani za visima na bado hachori asichoambiwa. Hakuuliza kama nina hakika. Aliuliza, "Nani anafungua mlango sasa?"

Kwa hiyo naomba ushauri, hasa kwenu mliokulia kule na mnaojua mambo ya mifugo. Yule mbuzi alizaa, na watoto wake wakazaa, na sikuwahi kuuza hata mmoja wa kizazi chake, sijui kwa nini. Leo wako arobaini na watatu. Si wangu, hilo nimeshalikubali, nimebishana nalo nikashindwa. Mpiga picha hajulikani alipo. Abti Nuur anasema yeye hataki hata unyoya. Yule mama alihama na vibanda vyake mwaka wa mafuriko, na kila ninayemuuliza Modogashe ananielekeza upande tofauti. Nimeamua mbuzi nitawapeleka mwenyewe, kwa lori, wote arobaini na watatu, na wakati wa kurudi mlango wa abiria nitaufungua mimi. Ninachotaka kujua kwenu ni nani nimkabidhi kule. Na nikishaufungua ule mlango, nisubiri kiasi gani kabla ya kuufunga.